Haikuwa Malaria

Mugoma, Jumapili alasiri

Adela,

Sikuulizi hali. Nimekuona asubuhi hii kanisani, umekaa karibu na dirisha, kitambaa umekivuta mpaka kwenye nyusi, na wakati wa kuimba midomo yako ilikuwa inacheza lakini sauti sikuisikia. Sasa umekwenda kwa Bibi kuaga. Hatakuachia mapema. Atakupikia ndizi, atakufungia karanga, atakuuliza jambo moja mara tatu. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu, na mwanga wa kutosha. Nataka kumaliza kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona mlangoni nitaanza kukuuliza kama sanduku limefungwa.

Habari za sanduku siandiki. Wala za kuchunga sabuni bwenini, wala za kuchagua marafiki. Uliishi chuo cha ualimu, Mwanza, zaidi ya mwaka mzima bila mimi, hayo unayajua.

Ninachoandika ni masahihisho. Unaijua kazi yangu. Gazeti likichapa jambo lisilo kweli, mhariri hutoa mistari michache ukurasa wa ndani, chini kabisa, kwa herufi ndogo: tulisema hivi, ukweli ni huu. Miaka yote niliyoandika habari za Ngara na Biharamulo nimesahihishwa mara mbili tu, mara moja jina la kijiji, mara nyingine cheo cha bwana shamba. Nilikuwa najivunia hilo. Sasa nimegundua mengine ambayo hakuna mhariri aliyeyadai, na yote yanakuhusu.

Naanza na malaria.

Siku nilipokurudisha nyumbani, mtu wa kwanza kutukuta njiani alikuwa Mzee Zakaria, balozi wetu wa nyumba kumi. Ulimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Akaitikia marahaba, akatazama ulivyokonda, halafu akanitazama mimi.

"Mtoto ana nini, mwandishi?"

"Malaria," nikasema.

"Ya huko ziwani," akasema, akitikisa kichwa. "Mbu wao ni kama kuku."

Neno lile lilitoka kinywani mwangu bila kusukumwa. Mimi ambaye siandiki hata jina la mtu kabla ya kumuuliza linavyoandikwa. Kesho yake mke wa Zakaria alikuja na fungu la majani machungu ya mubirizi, akayachemsha hapohapo jikoni petu. Baada yake wakaja wengine, kila mmoja na fungu lake, kila mmoja akiamini yaliyoota nyuma ya nyumba yake ndiyo yenye nguvu. Ukayanywa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, umekunja uso mbele ya mama aliyeyachemsha, kwa sababu adabu haikukuruhusu kukataa na kwa sababu baba yako alikwisha kusema. Ulikunywa dawa chungu ya ugonjwa usiokuwa nao ili uongo wangu upate kusimama.

Bibi hakudanganyika. Alikushika paji la uso, akatoka nje, akanikuta nikinoa panga.

"Nimelea watoto saba," alisema. "Malaria naijua kama mlango wa nyumba yangu. Huyu hana joto, hatetemeki. Malaria gani hii?"

Nikamwambia kuna malaria ya ndani.

"Ya ndani," akasema. "Basi ni ile uliyorudi nayo wewe kutoka vitani."

Nilikwenda kupunguza migomba ambayo haikuhitaji kupunguzwa.

Inabidi nirudi nyuma, kwa sababu habari haikuanzia pale njiani. Ilianza na barua yako, ile ya kurasa mbili. Ilinikuta Biharamulo, nilikokuwa nimekwenda kwenye mkutano wa vijiji vya pamba. Uliandika kwamba unaamka kabla ya kengele na huwezi kuinuka. Kwamba chakula si kibaya, walimu ni wazuri, wenzako hawana neno. Kwamba mwalimu akifundisha, sauti yake unaisikia kama inatoka nyumba ya pili. Kwamba siku moja ulisimama bombani na ndoo, maji yakajaa, yakamwagika miguuni mwako, ukaendelea kusimama mpaka mwenzako akaja kulifunga bomba. Mwishoni uliandika: "Baba, hakuna kilichotokea. Nimetafuta, sikukiona."

Niliisoma kama ninavyosoma habari iliyoletwa na mwandishi mgeni. Nilitoa penseli nyekundu, Adela. Hilo sijawahi kukuambia. Nilipiga mistari chini ya maneno nikitafuta tukio: nani kamfanya nini, wapi, siku gani. Sikulipata, nikaona barua haina kichwa wala miguu. Posta ilikuwa karibu kufungwa, nikaenda kupiga telegramu. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyapunguza mwenyewe mpaka yakabaki yale niliyoona yanatosha: ELEZA TUKIO. NANI. LINI. WAPI. BABA.

Sikufikiri jinsi telegramu inavyomfikia mwanafunzi. Watu wote wanajua telegramu ni ya msiba, isipokuwa sisi waandishi ambao tunazituma kila wiki kama mtu anavyotuma salamu. Ulinisimulia mwezi uliopita, tukimenya maharage, bila kuniangalia. Karani aliileta bwaloni wakati wa chakula cha mchana. Meza nzima ikaacha kula. Msichana aliyekaa jirani nawe akakushika bega na kuanza kulia kwa niaba yako kabla hujaifungua. Ukaifungua, ukaisoma, ukaikunja.

"Nani amekufa?" wakauliza.

"Hakuna."

"Sasa inasemaje?"

Ukawaonyesha. Wakacheka, kwa ahueni tu, naelewa. Mmoja akasema, "Kumbe baba yake ni polisi!" Na jina likakukaa muhula mzima: mtoto wa polisi.

Tangu siku hiyo hukuniandikia tena. Mimi nikahesabu kwamba kukosa barua ni habari njema. Jioni nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nusu nyingine nampa mbwa, na nikijiambia kwamba wewe umeshiba huko uliko.

Barua iliyofuata haikutoka kwako. Ilitoka kwa Nesi Tekla wa zahanati ya chuo, mistari sita, ananiomba nije. Nilipofika, kabla ya kukuona, alinikalisha kwenye lile benchi nyuma ya zahanati, penye kivuli cha ukuta. Alinieleza kazi yake bila mapambo, na kwa hilo nilimheshimu. Amesomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Chuo kilimwajiri kwa ajili ya homa na vidonda, lakini aliona wanafunzi wengi wanaokuja kuomba dawa ya kichwa hawaumwi kichwa. Akamwomba mkuu wa chuo nafasi moja kwa wiki, Alhamisi kuanzia saa kumi. Hakuna sindano, hakuna vidonge. Mwanafunzi anakaa pale benchini, anasema anachoweza, au anakaa tu. Yeye anasikiliza, halafu anauliza.

"Siwaambii wajikaze," alisema. "Wamejikaza weee, ndiyo maana wamefika hapa."

Nilimuuliza, kwa desturi ya kazi, wanakuja wangapi.

"Wanaokaa ni wachache, Baba Adela. Wanaopita polepole mbele ya benchi ni wengi."

Akaniambia ulikaa mara mbili, na mara ya tatu hukurudi. Sababu hakuisema. Umeisema wewe: wenzako wameliita benchi lile stendi. "Adela, leo Alhamisi, basi la vichaa halijafika? Usije ukaachwa!"

Halafu Nesi Tekla akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na wewe mwenyewe, Baba Adela, unalala?"

"Nalala," nikasema.

Aliniangalia kidogo. Hakuandika chochote. Akaondoka kwenda kukuita.

Mama yako alipofariki ulikuwa darasa la nne. Niliondoka kabla ya kuondoa matanga. Kulikuwa na watu wanaohamishiwa kijiji kipya upande wa Biharamulo, mhariri alitaka habari, na ningeweza kumwambia nimefiwa; angeelewa. Sikumwambia. Watu walisema mwandishi ni mwanamume wa chuma, nami nilipenda kusikia hivyo. Nilikuacha kwa Bibi. Niliporudi nilikuletea daftari jipya, nikaona nimetimiza.

Vita vilipokuja nilikwenda kaskazini mara mbili na magari ya jeshi, baada ya adui kurudishwa nyuma. Maiti niliziona na niliziandika. Nyumba zilizochomwa niliziandika. Sikuandika darasa moja karibu na mto. Nusu ya paa ilikuwa imeondoka. Ubaoni palikuwa na hesabu ya kugawanya iliyoachwa katikati, na chini yake chaki iliyokanyagwa. Juu ya dawati la mbele palikuwa na sweta ya mtoto, imekunjwa vizuri. Hapakuwa na damu wala mtu. Hakuna nilichoweza kuandika, kwa sababu pale ndani hakuna kilichotokea. Nilisimama mbele ya ubao ule mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu na askari akaja kunivuta mkono.

Sasa ifikirie ile ndoo yako. Kati ya watu wote duniani wanaoweza kusoma kwamba msichana alisimama bombani mpaka maji yakamwagika, mimi nilipaswa kuelewa bila kuuliza. Nilikuwa nimesimama hivyohivyo. Badala yake nikauliza lini na wapi.

Niliporudi kutoka huko nilianza kuzunguka ndani ya nyumba usiku. Wewe ulikuwa likizo. Ulitoka chumbani ukaniuliza, "Baba, unatafuta nini?"

"Kiberiti," nikasema.

Kesho yake uliweka kiberiti katikati ya meza, mahali ambapo hata kipofu angekipata. Usiku nikazunguka tena. Nilisikia mlango wako ukifunguka kidogo, kisha ukafungwa. Hukuuliza mara ya pili. Nafikiri hapo ndipo nilipokufundisha. Sikukaa nawe kukuambia chochote, lakini ulielewa kwamba katika nyumba hii mtu akiumia anatafuta kiberiti.

Kuna mwingine niliyemtendea hivyo kabla yako. Anaitwa Bonifasi, mkulima wa pamba wa Kaniha, aliyekwenda vitani na mgambo. Aliporudi kijiji kilimpokea kwa ngoma na pombe, nami nikatumwa kuandika. Alinichukua nyuma ya ghala la pamba, mbali na kelele, tukakaa juu ya magunia matupu.

"Weka kalamu chini kwanza, ndugu mwandishi," alisema.

"Nikiiweka nitasahau."

"Usahau tu. Sitaki uandike. Nataka mtu mmoja ajue."

"Wewe sema. Yasiyofaa nitayaacha."

Alicheka. "Yasiyofaa ndiyo hayohayo."

Kalamu ilibaki mkononi mwangu. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Kisha akakaa wima, akabadili sauti, ikawa ya mkutanoni. "Basi andika. Tulishinda. Wanakijiji waongeze bidii katika kilimo. Kidumu chama."

Niliandika. Ilitoka ukurasa wa tatu pamoja na picha yake. Kila neno lilikuwa kweli, na habari nzima ilikuwa uongo.

Baadaye nilisikia amehama nyumba za kijiji, amerudi peke yake kwenye shamba lake la zamani, kule alikokuwa kabla watu hawajakusanywa vijijini. Mkewe amebaki kijijini na watoto. Wanasema haitikii salamu. Kila basi linapofika njia panda ya Kaniha kondakta hunitania: "Mwandishi, leo humshukii shujaa wako?" Abiria wanacheka, nami nacheka. Nimepita hapo mara nyingi. Mara ngapi hasa sijui, na unajua mimi ni mtu wa kuhesabu.

Sasa habari ya jana. Ulikuwa unakunja nguo, mimi niko mlangoni, ukaniuliza nimemwandikia nini mkuu wa chuo. Chuo kinataka barua ya mzazi kueleza kwa nini umekosa muhula. Nesi Tekla naye ameandika kwamba nafasi yako ipo na mkuu amekubali, ila anakuomba urudi benchini kila Alhamisi mpaka nyinyi wawili mtakapoona inatosha.

"Andika malaria," ulisema.

"Siandiki."

"Si wewe uliyesema? Mzee Zakaria anajua malaria, padri anajua malaria, mpaka mbuzi wa Bibi wanajua malaria. Leo ndiyo umekuwa mkweli, kwenye barua yangu?"

Ulikuwa na haki.

"Ukiandika vingine itaingia kwenye faili. Nani atampa darasa mwalimu kichaa? Na benchini siendi, Baba. Nitajikaza."

Ukaendelea kukunja gauni lilelile ulilokwisha kulikunja.

Neno lile la mwisho limenikalia tangu jana. Ni langu. Umelichukua kwangu kama ulivyochukua urefu na masikio. Naogopa, na kuogopa kwenyewe nakuandikia waziwazi, maana kukuficha ni kurudi kwenye kiberiti. Naogopa utafika, utasoma, utacheka wanapocheka, halafu asubuhi moja utashindwa kuinuka na hapatakuwa na mtu anayejua. Nesi Tekla akiandika mistari sita tena, safari ni siku mbili. Siku mbili ni nyingi.

Barua ya mkuu wa chuo nimeiandika mara nne. Ya nne imo kwenye bahasha ya kaki, sikuifunga, isome. Inasema ulikuwa mgonjwa, umepata nafuu, na maelezo ya ugonjwa anayo muuguzi wa chuo. Basi. Malaria haimo, wala jina lolote ambalo watu wangependa kukubandika. Kumwambia mtu au kutomwambia ni kwako. Mimi nimeondoa uongo wangu tu, ili usiubebe mpaka Mwanza.

Leo baada ya misa nilimfuata Mzee Zakaria nyuma ya kanisa. Nikamwambia, "Mzee, Adela hakuwa na malaria. Nilikudanganya." Sikusema zaidi, kwa kuwa zaidi ni yako.

Alipangusa kofia yake. "Mke wangu alijua," akasema. "Alijua tangu kikombe cha kwanza."

"Sasa mbona majani yaliendelea kuja?"

"Ulitaka tuje mikono mitupu?"

Nilirudi nyumbani peke yangu kwa njia ndefu. Muda wote ule nilidhani nimejenga ukuta, kumbe watu walikuwa wanakuja kukuona, na kwa kuwa mimi nilitaja malaria, walileta majani. Ningetaja jambo lingine, sijui wangeleta nini. Labda wangekaa tu. Ni mimi niliyewanyima nafasi ya kukaa, nikakunyima na wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba hutachekwa benchini. Utachekwa. Wala sijui kama benchi linaponya. Nilimuuliza Nesi Tekla. Alisema wengine hupata nafuu upesi, wengine polepole, na wengine huwapeleka kwa daktari hospitalini, naye haoni aibu iko wapi. Alisema pia kwamba ikitokea siku mtu haoni sababu ya kuiona kesho, asingoje Alhamisi. Agonge nyumbani kwake saa yoyote, ni nyumba ya pili baada ya zahanati, yenye mlango wa bluu. Nilikwenda kuuhakikisha mlango. Ni wa bluu kweli. Ninachoweza kukuambia kwa ujuzi wangu mwenyewe ni kimoja: njia ya kunyamaza nimeijaribu miaka mingi, bila kuruka hata siku moja, na matokeo yake unayafahamu, maana umekua ndani yake.

Kesho tutapanda basi Kabanga pamoja. Nilikuambia nitakusindikiza mpaka Biharamulo mjini. Nalo nalisahihisha. Nitashuka njia panda ya Kaniha, wewe utaendelea peke yako. Barua hii nitakupa hapo, nikiwa nimekwisha kushuka, kupitia dirishani. Usifikiri nimekuacha njiani. Ni kwamba siwezi kukuambia ukakae mahali ambapo mimi napita nikicheka na kondakta.

Sijui kama Bonifasi atanipokea. Ana haki ya kunifukuza, na akinifukuza nitarudi kesho yake asubuhi. Nitalala kijijini, nitakwenda kwake kila siku, mpaka Alhamisi. Sitakuwa na daftari. Kalamu nayo utaikuta imefungwa pamoja na barua hii. Ndiyo pekee ninayoimiliki, na madukani hakuna, kwa hiyo hata nikitaka kuandika sitaweza. Itumie wewe kuniandikia. Usinitafutie tukio. Niandikie kwamba maji yalimwagika, nitaelewa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kazi. Masahihisho hayana maana yasipomfikia yule aliyeambiwa uongo. Zakaria nimemfikia. Wewe unasoma. Bonifasi ni kesho. Amebaki Nesi Tekla, naye yuko mbali, na telegramu sitaki tena. Kwa hiyo nakutuma. Alhamisi, saa kumi, nenda kwenye lile benchi. Huna haja ya kusema lolote lako. Mwambie: ulimuuliza baba yangu swali, akakujibu vibaya, jibu sahihi ni kwamba hajalala vizuri tangu vita. Najua atakachofanya. Atakuangalia kidogo, kisha atakuuliza, "Na wewe?" Utakalojibu hapo silijui, na sijawahi kuandika jibu la mtu kabla hajalisema.

Saa hiyohiyo, Mungu akipenda, mimi nitakuwa nimekaa Kaniha mbele ya mtu mwingine, mikono mitupu.

Nakusikia njiani. Bibi amekusindikiza, anakuambia jambo kwa mara ya tatu, na wewe umecheka, kidogo, lakini nimesikia. Naiweka kalamu chini.

Baba yako